Simu imefika, tundu la laini halipo: majibu ya maswali yenu ya simu na mitandao

Jamani mwezi huu mmeniletea maswali matamu kweli, karibu kila barua inaanza na "nimefurahi sana" afu mstari wa tatu ndo inakuja "lakini". Naielewa kabisa raha ya kufungua boksi la simu mpya, ile nailoni ya kwenye kioo unaibandua taratibu hutaki iishe, mimi hadi leo naipenda. Na wala sioni ubaya wake, pesa yako umeihangaikia, furahi. Ninachotaka ni hiyo furaha ivuke wiki ya kwanza, kwa hiyo karibu majibu yote hapa chini yanarudi kwenye jambo moja: je simu uliyoshika na mtandao wa pale unapoishi vinaelewana?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi niko Mbeya, kaka yangu yuko Marekani, Texas, kanitumia iPhone 14 kwa mtu aliyekuja likizo, yaani sijawahi kufurahi hivi tangu nianze kumiliki simu, usiku nimelala nayo pembeni ya mto. Asubuhi nataka niweke laini nageuza simu huku na huku sioni tundu, hata ile pini ya kutolea laini kwenye boksi haimo. Fundi mmoja hapa mjini kaniambia hii ni simu ya kuonyeshea dukani, ila anaweza akaifungua anitengenezee sehemu ya laini kwa elfu themanini. Nimechoka kabisa. Je kaka yangu katapeliwa?

JIBU: Mdogo wangu pole kwa mshtuko, na hongera, simu yako ni nzima na kaka yako hajatapeliwa. Tafadhali sana usimpe huyo fundi aifungue. Kuanzia iPhone 14 zilizotoka 2022, Apple waliacha kuweka tundu la laini kwenye simu zinazouzwa Marekani, na ndani pale ambapo trei ingekaa wameweka kipande cha plastiki tu cha kujaza nafasi, kwa hiyo hata akiifungua hatakuta mahali pa kuchomeka kitu, atakachofanya ni kukuharibia gundi inayozuia maji na vumbi kuingia, na elfu themanini yako imeondoka.

Simu hiyo inatumia eSIM. Yaani laini haipo tena kwenye kile kikadi, inapakuliwa kwa intaneti na kukaa kwenye chipu ambayo imeshawekwa ndani ya simu tangu kiwandani. Namba ni ileile yako, salio lilelile, M-Pesa unaingia kwa *150*00# kama siku zote, kilichobadilika ni kwamba hakuna cha kushika mkononi.

Sasa kabla hujaenda popote angalia kitu kimoja ambacho ndo kinaweza kukuliza kweli. Ingia Settings, afu General, afu About, shuka chini mpaka uone Carrier Lock. Pakiwa pameandikwa No SIM restrictions basi piga vigelegele, simu iko huru inapokea mtandao wowote. Pakisoma kwamba imefungwa, maana yake kaka aliichukua kwa mkataba kwenye kampuni ya simu ya kule na bado analipa kidogo kidogo, na wa kuifungua ni kampuni hiyohiyo baada ya deni kuisha, siyo kijana anayekwambia nitumie IMEI (ile namba ya utambulisho wa simu) na elfu hamsini nikufungulie. Mpigie kaka muulize vizuri tu bila lawama, wengi wanaotuma simu hawajui kama kitu hicho kipo.

Ikiwa huru, piga 100 kwa mtandao wako uulize kama wanatoa eSIM (mitandao kadhaa hapa nchini inatoa) na duka gani Mbeya wanafanya. Nenda dukani kwao wenyewe, usiishie kwa wale vijana wa mwavuli, beba namba yako ya NIDA na kidole chako maana usajili ni wa alama za vidole kama laini nyingine yoyote. Ukibonyeza *#06# utaona namba ndefu ya tarakimu 32 inaitwa EID, wakiihitaji ndo hiyo. Na simu lazima iwe na intaneti wakati wa kupakua, na wewe ndo huna laini ndani yake, kwa hiyo nenda na mtu akuwashie hotspoti au uombe wifi ya dukani.

Mimi nilimsindikiza mdogo wangu kuweka ya kwake, tulikaa kaunta muda mfupi tu, dada wa pale akatugeuzia kompyuta yake, tukailenga ile miraba myeusi na kamera, kikazunguka kiduara mpaka mdogo wangu akanishika mkono, mara juu ya kioo pale palipokuwa hapana kitu vikapanda vijiti vinne na jina la mtandao. Alicheka peke yake njia nzima mpaka kituoni.

Mambo mawili ya kukumbuka ukiwa umeshawekewa. Siku ukitaka kuisafisha simu yote, itakuuliza kama ufute na eSIM, sema hapana, la sivyo unarudi dukani kuanza upya. Na chaji ikiisha huwezi kuchomoa laini ukaitia kwenye kitochi cha jirani, kwa hiyo mimi ningekushauri ile namba yako nyingine, kama unayo, ibaki kwenye simu ndogo.

Na hili nawaambia wote, siyo wa Mbeya tu: mnaoagiza kutoka kwa ndugu au mnaonunua Kariakoo zile zinazoletwa kwa mtu, angalieni kwenye About namba ya modeli, ikiishia na LL/A ni ya soko la Marekani. Zamani ukisikia "hii ni ya Dubai" ulikuwa unajua tundu la laini lipo. Kwenye iPhone 17 zilizotoka 2025 siyo hivyo tena, za Falme za Kiarabu, Oman, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain nazo zimekuja bila tundu, na iPhone Air haina tundu popote duniani. Simu ni nzuri, sikatazi mtu, ila kama mtandao wako haujaanza eSIM unanunua kioo kizuri cha kupigia picha.

SWALI: Mambo vipi. Niko Tanga, nimeona simu dukani bei imekaa vizuri mno, boksi limeandikwa kubwa kabisa RAM 16GB, muuzaji anasema hii inazidi hata simu za milioni mbili. Rafiki yangu anabisha anasema ni 8. Nani mkweli? Nataka niichukue mwisho wa mwezi maana mimi ni mtu wa gemu.

JIBU: Rafiki yako. Geuza boksi usome maandishi madogo, utakuta imeandikwa 8+8. Ile nane ya kwanza ndo RAM yenyewe, nane ya pili ni sehemu ya stoo ya simu (pale panapokaa picha na video zako) imeazimwa ijifanye RAM. Karibu makampuni yote ya Android yanafanya hivyo siku hizi, siyo wizi, kimeandikwa, ila wameandika jumla kwa herufi kubwa na ukweli kwa herufi ndogo.

Fikiria mama anayepika. RAM ni ile meza anayokatia vitunguu, kila anachohitaji kiko mbele ya mkono. Stoo ni kabati la nyuma. Ukimwambia weka vitu vingine kabatini ukivihitaji uvifuate, sawa chakula kitaiva, lakini kila mara anageuka anafungua anarudi. Kwa gemu hiyo haikusaidii kitu cha maana, itakachosaidia ni programu ulizoziacha nyuma zisijifunge haraka. Na hiyo nane ya kuazima inakatwa kwenye nafasi yako, kama simu ni ya GB 128 umeshapoteza 8, mwenyewe unaweza ukaizima kwenye setingi ukarudishiwa.

Kwa mtu wa gemu mimi ningeuliza kwanza chipu gani iko ndani na simu inapata moto kiasi gani baada ya nusu saa, mwombe muuzaji akuwekee gemu ucheze palepale, akikataa ondoka. Afu uulize simu itapewa apdeti miaka mingapi, hapo watu wengi hawagusi kabisa. Samsung kwenye S24 ya 2024 waliahidi miaka saba, Google Pixel 8 vilevile saba, simu nyingi za bei ya chini unapata miaka miwili au mitatu imeisha. Hilo siyo jambo dogo, mwezi wa tano 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 5s na 6 kwa sababu haziwezi tena kupokea mfumo mpya, watu wameamka asubuhi simu nzima haina kidonda lakini WhatsApp hamna.

Na kabla hujatoa hela bonyeza *#06#, namba ya IMEI inayotokea kwenye kioo ilingane na ya kwenye boksi. Wenye umri wetu tunakumbuka usiku wa Juni 16, 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki nchi nzima, kuna watu walilala na simu wakaamka na kitu cha kuangalizia saa. Kipindi kile ndo tulizoea kutuma IMEI kwenda 15090 kujua kama simu ni halali.

SWALI: Mimi ni kijana wa Kigoma, nimejibana miezi mitano nimenunua simu ya 5G. Jamani ni nzuri, kioo kinateleza kama maji. Lakini tangu nimeifungua sijawahi kuona 5G hata siku moja, inaandika 4G tu na saa nyingine H+. Nikienda kwa muuzaji ananiambia subiri itajifungua. Halafu bando linaisha haraka kuliko simu ya zamani. Simu ni mbovu?

JIBU: Mdogo wangu hongera kwa kujibana, miezi mitano siyo mchezo. Simu siyo mbovu, na haiwezi kujifungua, muuzaji amekosa jibu tu. 5G inatoka kwenye mnara, simu inapokea. Hapa kwetu ya kwanza kuzinduliwa ilikuwa ya Vodacom, Septemba 1, 2022, mitandao mingine ikafuata, na wote wameanzia mijini kwenye watu wengi. Sababu ni ya kimaumbile pia, 5G yenye kasi kubwa inatumia masafa ya juu ambayo hayaendi mbali na yanakwama kwenye kuta, kwa hiyo inataka minara iliyokaribiana, wakati 4G ya masafa ya chini mnara mmoja unafunika eneo kubwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Angalia setingi za mtandao wa simu umechagua 5G/4G/3G otomatiki, siyo 3G tu, maana hiyo H+ unayoiona ni 3G. Kisha ulizia wanaokuzunguka mtandao gani unashika vizuri mtaani kwenu, na uulize wenye simu za kawaida kabisa, mtaa mmoja tu unaweza kubadilisha kila kitu. Ukikuta mwingine ni mzuri kuliko wako huna haja ya kupoteza namba, kuhama na namba yako kulianza hapa nchini Machi 2017, unaenda dukani kwa mtandao unaoutaka, unatuma neno HAMA kwenda 15080, wanakusajili. Ila sikiliza, pesa iliyo kwenye akaunti ya simu na salio la vocha havihami na wewe, kwa hiyo toa pesa kwanza, malizia na deni kama ulikopa salio.

Sasa bando. Hapa ndo simu mpya inawaliza watu na wanadhani wameibiwa. Kioo chako ni kikubwa na kizuri, YouTube ikiona hivyo na mtandao uko vizuri inakuletea video ya ubora wa juu yenyewe bila kukuuliza. Piga hesabu: video inayovuta megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 450 kwa saa. Ya megabiti 5 inakula zaidi ya GB 2 kwa saa ileile, filamu ileile, macho yaleyale. Nenda kwenye YouTube weka ubora wa chini ukiwa kwenye bando. Kwenye WhatsApp zima kujipakulia video na picha, kwenye Play Store weka apdeti zije kwa wifi tu. Na simu mpya wiki ya kwanza inapakua apdeti kama mtoto aliyeachishwa ziwa, hiyo itatulia.

Na siku moja moja mtandao ukigoma nchi nzima usiizime simu na kuiwasha mara kumi. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania na Kenya intaneti ikawa ya kusuasua, mwenye simu ya milioni tatu na mwenye ya laki moja wote walikuwa wanaangalia kiduara kinazunguka.

SWALI: Pawabanki imeandikwa 20,000mAh, simu yangu ni 5,000, mbona haijazi mara nne? Na naruhusiwa kupanda nayo ndege kwenda Mwanza?

JIBU: Ile 20,000 imepimwa kwa betri ya ndani yenye volti 3.7, volti hiyo ikipandishwa ili umeme utoke kwenye waya wa USB kuna kiasi kinachopotelea kwenye joto, tegemea mara mbili na nusu hivi, ikifika tatu una pawabanki nzuri sana. Ikijaza mara moja tu hiyo ni feki, rudisha. Ndege inaruhusiwa, 20,000 mara 3.7 gawa kwa 1,000 ni wati-saa 74 na kikomo cha kawaida ni 100, ila iwe kwenye begi la mkononi, kwenye begi la kupakia chini hapana.

SWALI: Mwanangu hujambo. Mimi ni mstaafu niko Lindi, umri wangu umeenda. Watoto wamenichangia simu hizi kubwa za kugusa, nimefurahi sana Mungu awabariki. Nina mawili. La kwanza, pesa zangu ziko kwenye laini ya simu yangu ndogo, naogopa nikihamisha zitapotea. La pili, binti yangu anafanya kazi Dubai na mjukuu wangu yuko naye, nilitaka nimwone kwa picha. Meseji zinakwenda, sauti ya kurekodi inakwenda, lakini nikipiga kwa WhatsApp inaita tu haishiki, au ikishika hatusikii kitu. Binti anasema simu yake nzima. Tatizo ni mimi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Tatizo siyo wewe wala siyo simu yako, ondoa wasiwasi.

Nianze na pesa. Pesa haikai ndani ya simu, wala haikai kwenye kile kikadi, iko kwenye akaunti iliyosajiliwa kwa namba yako na jina lako, kadi ni kama ufunguo. Ukitoa laini kwenye simu ndogo ukaiweka kwenye kubwa pesa utaikuta yote. Ila laini za zamani zilikuwa kadi kubwa na simu hizi zinataka ndogo kabisa, mtu asikukatie kwa mkasi mzee wangu, nenda duka la mtandao na namba yako ya NIDA wakubadilishie kadi, namba inabaki ileile. Namba yako ya siri usimwambie aliyekuwekea laini, hata kama ni kijana mzuri na amekuita babu, wala asiiandike nyuma ya kava. Na kabla hujatoka hapo bonyeza *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta namba usiyoijua waambie palepale waifute.

La binti. Kule Falme za Kiarabu kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa na taratibu za mawasiliano za nchi ile, meseji na sauti za kurekodi zinapita, simu haipiti, hata upige mara mia. Ndugu zetu wengi walioko huko wanatumia Botim, au Google Meet, au Zoom, hizo zinaruhusiwa. Mimi ningekuchagulia Google Meet kwa sababu kwenye simu nyingi za Android imeshawekwa tayari. Mwombe binti akutumie kiungo kwa meseji ya WhatsApp, yale maandishi ya bluu, wewe kazi yako ni kuyagusa mara moja na ukiulizwa kama unaruhusu kamera na maikrofoni ukubali.

Mpange saa, wenzetu wako mbele yetu saa moja, kwako ikiwa saa moja jioni kwao ni saa mbili na mtoto huenda ameshaanza kusinzia, kwa hiyo mpigiane mapema kidogo jua likiwa bado lipo. Nunua bando kabla, lisikukatikie katikati ya maneno. Kaa uso wako ukielekea dirishani, siyo dirisha likiwa nyuma yako maana utaonekana kivuli kitupu, simu uiegemeze kwenye jagi au kitabu usawa wa macho ili mkono usichoke. Ukiona uso wako umetokea mdogo pembeni na wao wakubwa katikati, basi mzee wangu wanakuona, anza kumwita mjukuu kwa jina lake.